Sahani ya Tatu ya Bi Eufrozyna

Benchi letu liko kona ya Mtaa wa Ormiańska, chini kabisa ya dirisha la Bi Eufrozyna Zawirska, na mpaka leo hakuna anayejua ni la nani. Mguu mmoja ulishakatika, tumeuwekea tofali. Wakaaji wa kudumu ni watatu, ukimtoa Mama Tekla ambaye hakai, maana jiko la makaa ni lake na birika la kahawa ni lake, na sisi tuko pale kwa hisani yake. Yuko Kasper Kiboko, dereva wa gari la farasi wawili, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha treni. Yuko Lejzor Saa Mbovu, fundi saa. Saa za watu wote anazitengeneza zikatengenezeka, lakini ile kubwa ya dukani kwake hugonga inapojisikia yenyewe. Na niko mimi Walenty, fundi wa kuweka sawa sauti za piano. Wakiwa na adabu wananiita Sikio. Wakikosa adabu wananiita Filimbi, kwa sababu tundu la kushoto la pua yangu hupiga mluzi nikivuta pumzi. Hili la pua nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonifukuza ghorofani siku ile.

Siku ile, sasa. Saa nne na nusu asubuhi, mwezi wa Mei, na mtaa mzima ulikuwa kimya mpaka unatia hofu. Kasper alikuwa amewafunga farasi wake magunia kwenye kwato. Lejzor alikuwa ameisimamisha saa yake kwa mkono wake mwenyewe. Mama Tekla, ambaye kwa miaka kumi na tisa amefungua asubuhi ya kona hii kwa kuita kahawa ya moto, alikuwa amekatazwa kuita. Aliyekataza yote hayo ni mimi. Nilikuwa nimeshika kikombe, kahawa imeshapoa.

— We Sikio, akaninong'oneza Kasper, na mnong'ono wake ni kama mazungumzo ya watu wengine. Mbona umeshuka? Si ulisema utakaa naye mpaka mwisho?

— Nimefukuzwa.

— Pua?

— Pua.

Hata Kasper alijua kwamba wakati huo haukuwa wa kunicheka.

Juu kule, chumbani kwa Bi Eufrozyna, walikuwemo mabwana wawili kutoka Vienna na mashine ya kunasa sauti. Ni mimi niliyewaita. Barua kumi na moja niliwaandikia, kumi wakazipuuza. Mashine yenyewe ina pembe la bati refu kuliko mimi, linaielekea piano mdomo wazi, na mwisho wake kuna sindano inayochora kwenye sahani ya nta. Nta ni lazima iwe na uvuguvugu, kwa hiyo wanaitunza kabatini pamoja na taa. Sahani moja inabeba dakika tatu kasoro, basi. Ikishachorwa imechorwa, hakuna kurudia. Kwa ajili ya Bi Eufrozyna walikuja na sahani tatu. Nyingine zote zilikuwa za mwimbaji mmoja wa Kraków, na treni ya kwenda kwa huyo mwimbaji inaondoka saa saba.

Sahani tatu, kwa mwanamke aliyepiga piano miaka sitini na nane. Alianza kuonyeshwa mbele za watu akiwa na miaka minane, miguu haifiki chini, wamemwekea kibao. Amepiga Vienna, Odessa, Paris. Kuna magazeti yaliyomsifu mpaka yakaishiwa maneno, na magazeti hayo leo yametandikwa kwenye droo zake za vitambaa. Nimeyaona kwa macho yangu. Zaidi ya hayo hakuna kitu. Wapiga piano wa zamani wakimaliza kupiga ndiyo imekwisha hiyo, unabaki na mtu aliyekuwapo, naye anakufa. Tena tangu majira ya baridi vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeanza kukakamaa. Daktari alimwambia mwaka hautaisha kabla mkono haujafunga. Alinisimulia hayo huku anakoroga chai, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Ndiyo maana nilikuwa nimekaa pale roho juu.

— Sahani ya kwanza imekuwaje? akauliza Lejzor.

Nikawaeleza, na nikiwaeleza nilikuwa natamani kulia. Walikubaliana kwamba atapiga walsi, muziki wa dansi wa mapigo matatu, ile kubwa, ambayo mimi katika barua zangu niliiapia kwamba hakuna anayeipiga kama yeye. Yule bwana mkubwa, mwenye masharubu, akashusha sindano, akampungia mkono aanze. Bi Eufrozyna akavua pete zake, akaziweka kwenye kisahani, akaanza. Lakini hakuanza walsi. Alianza kusalimiana na piano.

Hapa wote wawili waliguna, maana salamu zile wanazijua. Watu wa zama zake hawakai kwenye piano wakaingia moja kwa moja kwenye kipande cha muziki kilichotungwa na mtu. Kwanza wanapapasa papasa, wanatoa ya kwao kichwani, huku wanatafuta njia ya kufika kwenye kipande. Hayajaandikwa popote, na kesho hayatakuwa yale ya leo. Kwao ni adabu, ni sawa na kupangusa viatu mlangoni. Bi Eufrozyna hana habari kwamba anafanya hivyo. Bwana wa masharubu alipoona muda unakwenda akaanza kumpungia mikono yote miwili, na Bi Eufrozyna akadhani anasalimiwa, akamrudishia kwa kichwa, na akaendelea. Nta ikaisha kabla noti ya kwanza ya walsi haijalia. Nikashusha pumzi. Pua ikapiga mluzi. Nikatolewa nje.

— Kwa hiyo sahani ya kwanza, akasema Kasper, ina salamu za Bi Eufrozyna na pua ya Walenty.

— Ndiyo.

— Hawajamwambia?

Wamemwambia. Wamemwambia kwa Kijerumani, wamemwambia kwa Kifaransa, nami nilimwambia kwa lugha yetu nikiwa mlangoni natoka: Bi mkubwa, leo ingia tu ndani, usisalimie. Akanijibu kwamba bila shaka, moja kwa moja, kwani yeye ni mtoto?

Tukasikia sahani ya pili inaanza. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya kelele, lakini kioo cha nyumba zile ni chembamba na sisi tumezoea kumsikia kupitia kioo. Lejzor alikuwa na saa mkononi. Zikaja sauti nzito tatu, za taratibu. Kasper akanitazama. Walsi haianzi hivyo. Zikafuata nyingine, zikapanda, zikashuka, zikakaa kidogo. Lejzor akanyoosha kidole kimoja, dakika moja. Akanyoosha cha pili. Mama Tekla alikuwa amegeuka, anatazama ukuta. Halafu likaja lile tulilokuwa tunaliomba, tam-tara, mwanzo wenyewe wa walsi, noti sita saba hivi, na papo hapo tukasikia mtu kule juu anapiga makofi kwa hasira. Nta imekwisha.

Nilikaa nimeshika kichwa. Imebaki moja.

Na kijiwe kikiwa na hofu hakikai kimya, kinatafuta sababu. Lejzor akasema Bi Eufrozyna anapima chumba. Pembe lile limeongeza kitu kipya chumbani, na sikio lake halitatulia mpaka limalize kulipima. Kasper akasema Lejzor hajui lolote, sababu ni gavana wa Odessa. Gavana alikuwa anachelewa kila onyesho, na huwezi kuanza kipande kabla gavana hajakaa, kwa hiyo Bi Eufrozyna akazoea kuvuta muda, na sasa mwili wake bado unamsubiri gavana aliyekufa.

— Huko Odessa, akaendelea, sauti inaanza kupanda, wanafunzi waliwafungua farasi wa gari lake wakalivuta wenyewe mpaka hotelini. Mtu husema hayo kama jambo zuri. Na wale farasi walirudije? Kuna mtu amewahi kuuliza?

Nikamwambia ashushe sauti, na kwamba haikuwa Odessa, ilikuwa Kyiv, na wanafunzi walikuwa wawili, wamelewa, na gari waliliingiza kwenye duka la dawa. Bi Eufrozyna alinisimulia mwenyewe. Kasper akasema mimi ni fundi piano, nisimfundishe mambo ya magari.

Lejzor, ambaye hapendi kushindwa, akasema kwa kweli anachokijua hakutaka kukisema. Ana shemeji yake huko Kraków, ndiye aliyemsimulia. Huyo mwimbaji anayesubiriwa aliimba kwenye pembe kama lile mwaka jana, na kwa wiki nzima hakuweza hata kumwita paka wake. Ile mashine hainakili, alisema Lejzor, inachukua. Kilichoingia kwenye nta kimetoka kwako. Mkono wa mama yule umebakiwa na kiasi fulani cha muziki, na anajua. Ndiyo maana anasitasita.

— Basi labda ameshakufa, akasema Kasper. Wamemficha. Anayepiga ni yule mpwa wake wa Tarnopol, ndiyo maana walsi haitoki.

— Kasper.

— Nasema labda.

Mama Tekla alikuwa kwenye jiko lake. Alikuwa anajaza vikombe, anatuwekea vipande vya mkate wa mbegu za popi ambavyo hakuna aliyevila. Sasa akasema, bila kugeuka:

— Mimi ningekuwa yeye, nisingelipa lile pembe kitu changu chochote.

Niliumia kusikia hivyo. Nikamwuliza kwa ukali kama anataka mama yule afutike kabisa, asibaki hata kwa dakika tatu. Akaniambia nisimpandishie sauti, aliyekataza kelele leo ni mimi, si yeye. Na alikuwa na haki.

Lejzor akatazama saa. Saa tano na dakika thelathini na nane. Hapo ndipo tulipokumbuka kengele. Kanisa la Waarmenia liko hatua sitini kutoka benchi letu, na saa sita kamili kengele zake zikianza husikii hata unalowaza. Sahani ya tatu bado iko kabatini inapashwa. Wakichelewa, nta ya mwisho itabeba kengele. Kasper akasimama, akasema anamfahamu mpiga kengele, anaweza kwenda kumkalia kifuani. Nikamvuta koti akae. Akasema basi apande juu, asimame nyuma ya piano, na mara tu Bi Eufrozyna atakapogusa yeye atamwambia sikioni: walsi. Nikamwambia sauti yake sikioni kwa mtu itavunja pembe. Tukazozana kwa minong'ono, watu wazima watatu, mpaka Lejzor akainua mkono.

Dakika kumi na mbili kabla ya kengele. Juu kule kimya kimebadilika. Mwenye kazi ya piano anakijua kimya cha mtu anayevua pete.

Mama Tekla akaweka kiganja juu ya mfuniko wa birika usicheze, na birika lilikuwa la moto, lakini hakukitoa. Nami nikaziba pua kwa vidole viwili, nikapumua kwa mdomo.

Akaanza. Sauti nzito, za taratibu.

Nikafumba macho. Nilijua imeshapotea. Barua kumi na moja, miaka sitini na nane, na ataondoka duniani na wote watasema palikuwa na mtu hapa mjini Lwów aliyekuwa anajua kidogo kupiga. Nilimkasirikia. Nasema kweli, katika maisha yangu yote sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yule bibi kwa dakika ile.

Halafu mkono wa kulia ukaleta noti nne. Mbili za chini, moja ya juu, na ya nne juu zaidi, imevutwa. Zikanyamaza. Kisha zikarudi, zile zile nne, kama mtu aliyeuliza hakujibiwa, anauliza tena.

Nikafumbua macho. Kasper alikuwa anamtazama Mama Tekla. Lejzor alikuwa anamtazama Mama Tekla. Mama Tekla mwenyewe alikuwa mdomo wazi, kiganja bado juu ya birika.

Ilikuwa sauti yake. Ka-ha-wa mooto. Miaka kumi na tisa kila asubuhi anaiita vile vile, mbili chini, moja juu, na ya mwisho anaivuta mpaka mwisho wa mtaa. Leo hakuiita. Na yule mama kule juu ameamka, ametazamia kuisikia, hakuisikia, na sasa vidole vyake vinaitafuta. Akaipeleka mkono wa kushoto, kule kwenye vidole viwili vinavyogoma, ikatoka nzito na yenye kuchechemea. Juu yake akaweka noti moja inayogonga kama saa, mara tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Lejzor akaitazama saa mkononi mwake kwa aibu, maana saa ya kugonga kumi na tatu mjini humu ni moja tu, ile ya dukani kwake. Ukafuata mwendo wa farasi wawili, mmoja anabaki nyuma kidogo, na Kasper akasema pole pole, huyo ni farasi wangu Siwy, ni ule mguu wake mbovu wa nyuma.

Mwisho zikaja sauti mbili mbili, tupu, moja juu ya nyingine, zinapanda ngazi. Hivyo ndivyo ninavyoipima piano yake, kila mwezi, tangu nikiwa kijana. Sikujua kama huwa anasikiliza. Nilikumbuka majira ya baridi yale mke wangu Apolonia alipokuwa anaumwa, kitanda chetu kiko nyuma ya ukuta wa chumba kile. Kila alasiri Bi Eufrozyna alikuwa anaacha mlango wazi na kupiga. Apolonia hakuwahi kuisikia walsi. Siku zote usingizi ulikuwa unamchukua kwenye salamu. Nililia pale benchini, na pua nikaiachia, na ikapiga mluzi, na hakuna aliyenicheka.

— Dakika tatu, akasema Lejzor.

Piano ikakoma. Mama Tekla akainua kiganja, kimeiva kimekuwa chekundu. Walsi haikunaswa. Mimi nilikuwa naogopa jambo jingine sasa, kubwa kuliko lile la kwanza, ila nilikuwa bado sijalijua ni nini.

Mlango ukafunguliwa, akatoka yule bwana wa masharubu na sanduku la mbao kwapani, penseli mkononi. Alikuwa anakimbilia treni. Alizungumza lugha yetu kwa kuibomoa bomoa, lakini tulimwelewa. Alisema mbili za kwanza hazifai. Hii ya tatu imeingia safi, hajapata nyingine safi hivi mwaka mzima. Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku, ina mistari mitupu.

— Alichopiga kinaitwaje?

Akaweka penseli kwenye mstari wa kwanza.

— Si walsi, akasema. Walsi naijua. Hiki ni nini? Kampuni haichapi kitu kisicho na jina. Sahani isiyo na jina inakwanguliwa, nta inatumiwa tena. Niambieni jina tu.

Hapo ndipo nikajua nilichokuwa naogopa. Nimeshasikia kila kitu alichowahi kupiga mwanamke yule kwa miaka thelathini na mitatu, najua piano yake ndani na nje, na jina la kile sikuwa nalo. Lejzor alikuna ndevu. Kasper akasema sisi huziita salamu zake tu. Yule bwana akatikisa kichwa: salamu si jina, ni za mtunzi gani, za namba ngapi? Nikarudi nyuma mpaka katikati ya barabara, nikamwita Bi Eufrozyna. Akafungua dirisha. Alikuwa ameshavaa pete zake.

— Bi mkubwa, huyu bwana anauliza hicho ulichopiga kinaitwaje.

— Kipi? akasema. Mimi bado sijaanza, Walenty. Wamefunga mashine yao na mimi bado sijaanza.

Akarudi ndani, dirisha akaliacha wazi, na akaanza walsi. Aliianza moja kwa moja, kwa hasira, bila salamu yoyote. Aliipiga vizuri. Kengele za Waarmenia zikaanza na kuifunika.

Mwenzake alipomaliza kupakia mashine, bwana wa masharubu akatazama saa, wakapanda gari la Kasper, yeye na sanduku mapajani, mistari yake mitupu. Kasper akawafungua farasi magunia. Gari lilipoanza kuondoka, Mama Tekla, ambaye sasa alikuwa huru, akashika kiuno akaita. Ka-ha-wa mooto. Birika lilikuwa tupu, hata tone halikubaki. Lakini aliita, kupita kengele.

Yule bwana akageuka kitini. Akamtazama Mama Tekla mpaka gari linafika kwenye kona inayofuata. Halafu nikamwona anainamia sanduku na penseli.

Kasper alirudi saa nane. Tulimdaka kabla hajashuka. Yule bwana ameandika nini?

— Mimi na maandishi tulifahamiana lini? akasema. Nilikuwa natazama farasi.

Nikamwuliza kilikuwa kirefu au kifupi. Akafikiri, akakuna shingo kwa mpini wa kiboko.

— Kifupi. Maneno mawili.

Nilimwona Mama Tekla anahesabu kwa vidole vya ule mkono ulioungua: kahawa, moto. Akataka kutabasamu.

— "Bila jina" nayo ni maneno mawili, akasema Lejzor.

Mama Tekla akamwambia anyamaze, akachukua birika akaenda kuteka maji.